Waliobaki Juu ya Chujio

Agari ya juu, ule ute tunamooteshea bakteria, huganda upesi. Ukiitoa kwenye maji ya moto una nusu dakika tu: unatia matone ya bakteria, unatia maji unayoyapima, unageuza mrija mara mbili, unamimina kwenye sahani na kuiinamisha huku na huku mpaka itandae sawa. Nilikuwa kwenye sahani ya kumi na tisa kati ya arobaini simu ya maabara ilipolia.

"Pokea, Delbert," alisema Profesa Verna Kozak kutoka meza ya pili.

"Nikipokea hii inaganda."

Verna hakuvua glavu; alibonyeza kitufe kwa kiwiko, sauti ikajaa chumbani.

"Verna! Hao chawa wako wameshakula au bado?"

"Bado hata kuketi mezani, Lorne."

"Waambie wafanye hima. Daktari Sangster amekuja leo na kalamu, amenichora mstari hapa pajani. Nimemwambia, bwana wee, mstari wako umepinda. Mimi nimepiga mistari ya barafu miaka thelathini, nenda kalete rula."

Verna alicheka. Lorne naye alicheka, kisha akashusha sauti.

"Niambie kweli, dada."

"Kweli ni kwamba sina kitu. Siku nikipata, utajua kabla ya daktari wako."

"Haya. Rudi kazini."

Hapa Saskatoon, mtaani kwetu, hakuna asiyemjua Lorne Friesen. Ndiye anayetandaza barafu kwenye ukumbi wetu wa kuling, mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, na mawe yetu yote yameteleza juu ya kazi ya mikono yake. Miaka miwili nyuma aliwekewa goti la chuma, na bakteria akaingia pamoja nalo. Alikuwa yule wa kijani, anayeacha rangi kwenye bandeji na kunuka kama zabibu zilizoiva mno. Lorne alipewa antibiotiki za aina kumi na moja. Bakteria alizizoea zote. Jumanne iliyofuata mguu ungekatwa juu ya goti, isipokuwa sisi tungepata faji anayemuua, yaani kirusi ambaye chakula chake ni bakteria. Simu ile ilikuwa ya Jumatano.

Verna alikuwa amesoma usugu wa bakteria kwa miaka thelathini na moja. Friza yetu ina mirija elfu tisa, kila mmoja na bakteria wa mgonjwa fulani na tarehe yake, na ukiipanga kwa miaka unaona dawa zikishindwa moja baada ya nyingine. Dawa aliyoiandikia tasnifu akiwa msichana sasa haiui hata mmoja kati ya watatu. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Husema bakteria walikuwepo kabla yetu, wana haki ya kujua mambo.

Mimi niliingia pale kuosha vyupa. Mengine niliyasoma kwenye vitabu vilivyowekwa koridoni vikisubiri kutupwa. Kanuni ya kwanza aliyonifundisha Verna ilikuwa hii: maji yoyote ya nje, ya mtoni, ya zizini au ya mfereji wa maji machafu, lazima yachujwe. Chujio lenyewe ni utando mweupe, mpana kama kifuniko cha chupa ya maziwa, wenye matundu ya sehemu mbili za elfu kumi za milimita. Bakteria hubaki juu, faji hupita chini. Unachukua cha chini, cha juu unakitupa pamoja na chujio. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa miaka ishirini na sita. Na kwa ajili ya Lorne tulikuwa tumepima maji ya mahali mia mbili na kumi na moja, tukitafuta japo doa moja tupu, alipokula faji, kwenye zulia la bakteria wake lililofunika sahani. Zulia lilikaa zima.

Alhamisi barafu ya mto ilipasuka. Chupa ya maji ya mto yaliyochotwa chini ya bomba la maji machafu ilikuwa nzito kama supu ya dengu. Chujio la kwanza liliziba baada ya matone machache, la pili, la mwisho tulilokuwa nalo, vilevile, na kasha jipya lingefika Jumatatu. Verna alikuwa kikaoni. Niliyapima kwanza yale matone yaliyopita. Kisha nikaiacha chupa itulie, nikayazungusha maji ya juu polepole kwenye mashine ili tope lishuke, na badala ya kuchuja nikatia klorofomu, inayoua bakteria na kuwaacha faji wengi wakiwa salama. Niliandika daftarini: *Namba 212. Haikuchujwa. Tope.*

Ijumaa asubuhi sahani ya matone yaliyochujwa ilikuwa zulia zima kama nyingine zote. Sahani ya maji yasiyochujwa ilikuwa na vitobo vidogo mno, kama mtu ameidunga kwa ncha ya sindano. Niliifuta miwani, nikatazama tena, nikampelekea Verna.

"Mapovu," alisema.

"Mapovu hayalingani hivi."

Alichukua lenzi ya mkononi, akaenda dirishani, akavihesabu vitobo.

"Ulichuja?"

"Sikuchuja."

"Nani alikuruhusu?"

"Tope."

Nilidhani atanikaripia. Aliziweka sahani mbili ubavu kwa ubavu, ile ya maji yaliyochujwa na ile ya yasiyochujwa, akawa anatazama huku na kule kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani.

"Maji ni yale yale," alisema. "Hapa yumo, hapa hayumo. Klorofomu imepita, basi si bakteria. Delbert, nani anazuiwa na chujio letu na si bakteria?"

"Faji asiyepita kwenye tundu."

"Kwa nini asipite?"

"Kwa sababu ni mkubwa."

Tulitazamana. Aliivuta stuli akaketi.

"Na kama ni mkubwa," alisema taratibu, "agari yetu kwake ni ukuta. Anamla mmoja, wawili, halafu amekwama. Ndiyo maana vitobo ni vidogo. Punguza agari. Tia nusu."

"Itakuwa uji, Profesa."

"Na iwe uji. Mimina uji."

Nilimimina uji. Sahani hizo huwezi kuzigeuza juu chini kama tulivyozoea, maana kila kitu kingemwagika. Nilizibeba moja moja hadi kwenye kabati la joto, nikitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango wa kabati. Kwenye zulia la kijani palikuwa na mashimo mapana kama punje za dengu, mviringo, safi kabisa. Niliinua sahani kwenye mwanga nikaona mto wa nje ya dirisha kupitia mashimo ya bakteria wa Lorne. Bakteria aliyeshinda dawa kumi na moja alikuwa ameliwa, na aliyemla alitoka kwenye maji ninayoyavuka kila asubuhi kwa miguu nikija kazini.

Mtu wa darubini ya elektroni alikubali kuja ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliingia na buti zake zikidondosha maji. Picha ilipotokea kwenye kioo hakuna aliyekumbuka kuvua koti. Nimeona faji wengi. Huyu kichwa chake kilikuwa mara mbili ya upana wa wale niliowazoea, chenye pembe zilizokaa sawa kana kwamba kimechongwa, na mkia mrefu mnene. Walikuwa wengi, wamelala kila upande.

Verna alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Delbert, tumewatupa wangapi?"

"Sijui."

"Kila Ijumaa. Kwenye mfuko wa taka. Na kwa mikono yangu nimewafundisha wanafunzi sitini wawatupe." Nilitegemea kuona huzuni, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeishi kwenye nyumba maisha yake yote, leo akafungua mlango akakuta ina chumba kingine. "Tazama walivyo. Na hawakujificha. Walikaa tu pale juu."

Alipiga simu hospitali. Lorne akapokea kabla haijalia mara mbili.

"Nimepata anayemla," Verna alisema.

"Anamlaje?"

"Kwa pupa."

"Basi mguu…"

"Sijasema mguu, Lorne. Nimesema sahani. Bado sijui kama ni mmoja au wamechanganyika, wala sijui kama hajabeba sumu. Lazima nimtoe kwenye shimo moja, nimpande, nimtoe tena, mara tatu. Kisha tumwoteshe kwa wingi, tumsafishe. Kibali cha dharura tumeshaomba serikalini, Ottawa. Mpe simu Sangster."

Daktari Sangster alisikiliza bila kumkatiza. Alisema atangoja hadi Ijumaa, endapo homa haitapanda. Ikipanda, atakata siku hiyo hiyo, na asilaumiwe. Verna alisema hatamlaumu. Nyuma yake tulimsikia Lorne: "Mwambie afute mstari basi, unanikera!"

"Mstari unabaki," alisema daktari.

Jumapili tulianza mzunguko wa kwanza. Unachagua shimo lililo mbali na wenzake, unalichoma katikati kwa ncha safi ya pipeti, unaitumbukiza kwenye mrija wa maji ya chumvi, unaandika. Mkono ukitikisika unagusa jirani, na mrija huo hauna maana tena. Niliharibu miwili. Verna aliharibu mmoja akasema amezeeka.

Alasiri tulikuwa na mirija kumi na miwili kwenye barafu. Niliipanda yote kwenye uji mpya, Verna akinisomea namba nami nikizirudia. Sahani zilihitaji kulala mpaka asubuhi, na baada ya hapo kulikuwa na mizunguko miwili mingine. Niliuandika ukurasa wa Jumatatu, nikaacha nafasi ya mashimo tutakayoyakuta, nikampa asome.

"Kesho saa kumi na mbili?" aliuliza.

"Saa kumi na moja na nusu," nilisema. "Agari imekwisha. Lazima nipike nyingine."