Waya wa Kwenda kwa Mama Mkwe

Ukimwona mtu mzima anatoka nyumbani kwake kwa kupitia dirishani, mchana kweupe, na mke wake anamtazama bila kushangaa, ujue mtu huyo ana mama mkwe uani. Ndivyo alivyoishi Godefroid Chola mwaka ule wa themanini na tisa, mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi. Kazini, kwenye karakana ya umeme ya kampuni ya shaba, alikuwa citoyen Chola, raia, kama serikali ilivyoamuru watu waitwe, msimamizi wa mafundi kumi na mmoja, na akikohoa wote walinyamaza. Nyumbani, ambako bado waliitana kwa majina ya ubatizo ambayo serikali haikuyataka, alikuwa Godefroid wa kuchungulia mlango kabla ya kwenda chooni.

Mama mkwe mwenyewe, Honorine, alikuja kutoka Sakania kutibiwa miguu. Walimpa aneksi, ile nyumba ndogo ya nyuma, ng'ambo ya uwanja. Na kwa desturi ya kwao, mkwe hakai na mama mkwe mahali pamoja, hamtazami usoni, hali naye, hamjibu neno, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia vyungu, uvilete kwa ngoma na nyimbo, umfunulie kimoja kimoja, na kumwambia kuanzia leo wewe ni mtoto wetu. Hiyo ndiyo kuingizwa. Wenzake Godefroid waliingizwa baada ya miaka mitatu, mitano. Aliyechelewa sana, saba. Yeye alikuwa amemwoa Constance miaka kumi na saba, mabinti zao wawili walishaanza kuvaa viatu vya mama yao, na hakuna hata kifuniko kimoja alichofunuliwa.

Jambo hili lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amefanya nini? Hakumpiga Constance, hakulala nje, mazishi ya baba mkwe alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kwenye harusi za watu, wakwe walioingizwa walikaa mbele na kushiba, naye akakaa nyuma na wavulana waliooa juzi. Wala hakuweza kuuliza. Mkwe haombi kuingizwa. Anayeomba ameshajivunjia heshima, na vyungu vyake, vikija, vitakuja vimepoa.

Basi mwaka huo Mgiriki mmoja alikuwa anafunga duka arudi kwao, na Godefroid akanunua parabole yake, lile sahani kubwa la waya la kupokea stesheni za Ulaya. Lilijaza nusu ya uwanja. Majirani walisema Chola amenunua karai la kukingia mvua ya Ufaransa. Acha waseme. Yeye alikuwa na lake moyoni: kama mama mkwe anakaa peke yake katika aneksi akihesabu mabati, na mkwe wake amletee dunia nzima mpaka kitandani, je, moyo wake hautalainika?

Akavuta waya. Mmoja ulibaki saloni, wa pili ukaenda chumba cha mabinti, wa tatu akaupitisha juu ya kamba ya nguo, ukavuka uwanja mpaka aneksi, kwenye televisheni ya zamani aliyoitengeneza mwenyewe. Alipomaliza alijiona ameziba ufa mkubwa. Kumbe alikuwa anaupanua.

Maana nyaya zilikuwa tatu, lakini kisanduku cha kuchagulia stesheni kilikuwa kimoja, na kilikaa saloni. Alichochagua Godefroid ndicho kilichoonekana kote. Alilijua hilo, fundi mzima, aliyewasha nusu ya mtambo wa kuyeyushia shaba! Alilijua akalidharau, akisema picha ni picha.

Yaliyofuata yalimtoa jasho. Akiweka habari, mabinti walinung'unika ng'ambo ya ukuta kwamba muziki wao umekatwa katikati. Akiweka muziki, fimbo ya mama mkwe iligonga mlango wa aneksi, ko, ko, na Constance akaacha sufuria motoni kwenda kuuliza kulikoni. Akiweka mpira, fimbo iligonga mara nne. Constance alivuka uwanja huo mara nyingi hata majani yakafa chini ya miguu yake, akawa analeta ujumbe nusu nusu kwa hasira: Mama anasema wale watu wanapiga kelele, Mama anasema yule wa kusoma habari alikuwa mzuri, umempeleka wapi? Na siku za mvua picha ilifika aneksi imejaa chenga, hata Mama Honorine akauliza kwa nini kwa Wazungu kunanyesha mchele.

Godefroid alipandisha waya, akashusha waya, akabadilisha viunganisho, akageuza sahani kwa mikono hadi mgongo ukamlalamikia. Kisanduku cha pili hakikupatikana Lubumbashi nzima. Tena kazi zote za kule uani ilimpasa azifanye ameugeuzia mlango wa aneksi kisogo, kwa kupapasa, huku amevuliwa heshima na kuku waliomzunguka miguuni. Jioni alikaa mbele ya picha asiyoitaka, kidole hakithubutu kugusa kitufe, akajiuliza ni nani hasa aliyenunua kitu hiki.

Jumapili moja, baada ya misa, Mama Agnès, mdogo wake Mama Honorine, alifika kutoka Sakania na wanawake wawili wa ukoo. Walikuwa wamevaa vitenge vipya. Waliingia aneksi, wakafunga mlango nusu. Constance aliwapelekea maji, akarudi macho yamemtoka, akamnong'oneza mumewe kwamba amewasikia wakitaja vyungu.

Godefroid aliinuka kitini. Alikaa, akasimama, akakaa. Halafu akaona kwamba stesheni iliyokuwa wazi ilionyesha mashindano ya baiskeli, jambo lisilo na adabu wala faida kwa wakubwa wanaozungumza neno zito. Akafikiri awatafutie misa ya Waitaliano, ile yenye kwaya. Nani alimtuma? Angewaacha na baiskeli zao! Akabonyeza, akabonyeza, na alipofika katikati ya safari, akaangukia tangazo la sabuni.

Mwanamke alikuwa anaoga. Hakuwa amevaa hata uzi, na alikuwa anacheka. Godefroid akabonyeza tena, lakini kisanduku, ambacho kikipata joto kilikuwa na tabia ya kugoma, kikagoma. Mwanamke akageuka upande huu, akageuka upande ule, akajipaka povu taratibu, saloni, chumbani na aneksi. Mabinti walipiga yowe la kucheka. Godefroid aling'oa waya wa umeme ukutani kwa nguvu hadi plasta ikadondoka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Uani mlango wa aneksi ulifungwa wote. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hukumu aliileta Constance, akiwa hamtazami. Mama Agnès alisema kuona kitu kimoja kwa wakati mmoja ni kukaa pamoja, iwe kuna ukuta au hakuna. Basi mkwe amekaa na mama mkwe wake kabla ya kuingizwa, tena amemvua mtu nguo mbele yake. Neno la vyungu halitazungumzwa tena mwaka huu. Labda mwakani.

Miaka kumi na saba, na sasa sabuni! Godefroid alichukua koleo, akabeba kigoda, akatoka uani akakipanda chini ya kamba ya nguo kuukata ule waya, na kama angeweza angeukata vipande vya kutosha kila mtu wa Sakania. Alikuwa ameshaushika aliposikia mlango wa aneksi unalia na fimbo inagusa sementi. Akageuza uso ukutani mara moja, koleo mkononi, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Nyuma yake Mama Honorine alikaa kizingitini, naye akageuka, mgongo kwa mgongo. Kuku alikuwa anapekua pale kati, na mama mkwe akamwita.

"Weye kuku, sikia," alisema. "Uambie ule muntu: si picha njo ilinikasirisha. Miye nilizaa batoto munane. Muanamuke anaoga, nitaogopa nini? Agnès alikuwa anatafuta sababu, alipata. Miye njo nilimutuma atafute."

Godefroid alishika kamba ili asianguke.

"Tangu baba ya Constance alikufa, miye sina kitu. Banatoka Sakania kuniuliza vyungu, nitajibu nini? Mukwe yangu iko chef, mukubwa ya kazi, iko na parabole. Nitamuletea kuku moja na bukari ya mukopo? Batanicheka, na mutoto yangu batamucheka. Kila mwaka ninasema mwaka ingine." Aliunyoosha mguu unaomuuma. "Sasa ananiletea poste ya picha mpaka mu chumba. Kila kitu ananipa, inaongeza chungu ingine. Mukono mutupu haulambwi, kuku. Umuambie hakuna mubaya mu nyumba hii. Ni haya tu."

Kumbe. Miaka kumi na saba alidhani anadharauliwa, na mwenzake alikuwa anamwonea haya. Godefroid alitaka kugeuka aseme kwamba bukari, ugali mtupu, na chumvi vingemtosha, angekula amesimama, angekula jikoni. Maneno yalimfika menoni. Lakini mkwe anayejitajia chungu chake amekivunja, na hakuwa na kuku wa kumtuma. Alishuka kutoka kwenye kigoda na koleo lake, waya mzima, akiwa na hasira zaidi kuliko alipopanda, ila sasa hakujua amkasirikie nani.

Alimwendea Constance, akamwomba akamwambie mama yake sahani moja inatosha. Constance alikuwa analia. Alitikisa kichwa.

"Hapana, Baba," alisema. "Ile haisemwake. Hata miye siwezi kuisema."

Godefroid alisimama saloni, mikono kiunoni, akikitazama kile kisanduku kilichomtia aibu. Kisha akakifungua nyaya zake zote, akakipangusa vumbi kwa shati, akakibeba kifuani, akatoka nacho uani akitembea kinyumenyume, na wanawake wa Sakania wakatokeza kumtazama anavyopapasa njia kwa visigino. Alikiweka kizingitini pa aneksi. Akaifuata njia ya waya, uliokuwa wa kwenda akaufanya wa kurudi, na wa sahani akauhamishia kule kule. Kila kifundo alikifunga huku amewapa mgongo. Alipomaliza alimwagiza Constance amwonyeshe mama yake kitufe, na kwamba kuanzia leo nyumba nzima itaona atakachotoa yeye.

Akarudi saloni kukaa mbele ya chenga tupu. Hakuwa na cha kubonyeza.

Alingoja. Mabinti walikuja wakasimama mlangoni. Halafu chenga zikatikisika, ikaja stesheni ya kwanza, ikakaa kidogo, ikaondoka. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, polepole, kama mtu anayefunua vifuniko jikoni kuona kilichopo kabla ya wageni. Kisha ikasimama.

Constance aliingia kutoka uani. Alikuwa amejifunga kitenge cha mama yake, na alipiga magoti mlangoni kama wanavyopiga wanaoleta chakula. Nyuma yake Mama Agnès alisimama uwanjani, mikono kifuani. Hakupinga.

"Mama anauliza," alisema Constance, "mukwe yake anapenda apewe nini mu ile poste."

Godefroid alifungua mdomo akakuta hajui. Miaka yote hiyo alingoja kuulizwa, wala hakuwahi kufikiri angejibu nini. Alimwambia Constance amwambie mama yake: chochote kitakachotoka mkononi mwake. Kisha akaenda chumbani kuvaa koti lake la sherehe.