Masega ya Mama Mkwe

Sikuiba. Naanzia hapo kwa sababu mwanyumba wangu, yule aliyemuoa mdogo wa mke wangu, anaisimulia habari hii kila wanapokutana watu wawili, na akifika katikati hulitamka neno "wizi" polepole huku akinitazama. Yeye ni muuza dawa, anavaa koti jeupe, na mikono yake haijawahi kuona grisi. Mimi ninachosema ni kimoja tu: kitu chenyewe sikukitoa uani kwa mama mkwe hata siku moja. Kilizikwa hapo, kikafukuliwa hapo. Mwizi gani anaiba namna hiyo?

Mimi ni fundi wa ekzosi, mabomba ya kutolea moshi. Magari yanayokohoa, yanayonguruma na yanayofuka moshi huletwa kwangu. Mama mkwe wangu ana gari dogo la rangi ya maziwa, alilolirithi kwa marehemu mume wake, na mwaka huu lilianza kugoma kupanda mlima. Ukikanyaga mafuta lilitoa kelele nyingi na kusogea kidogo, kama mtu anayejibu "nakuja" akiwa bado kitandani.

Kuna jambo lazima ulijue. Kwa miaka sita, tangu nimuoe binti yake, mama huyu ameniita "fundi". Siku ya harusi alinishika mkono akasema, "Karibu nyumbani, fundi." Nikiugua anamuuliza mke wangu, "Fundi anaendeleaje?" Muuza dawa, ambaye alioa miaka miwili nyuma yangu, aliitwa "mwanangu" kabla hajamaliza soda yake ya kwanza pale sebuleni. Huwa najifanya halinihusu. Linanihusu sana. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo wanaoniita mwanangu ni wauza mitumba wanaotaka niache ubishi.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda kwake na jeki, grenda na mashine ya kuchomelea, nikalala chalichali chini ya gari. Kutoka kule chini nilikuwa naiona miguu yake tu, imesimama karibu na gurudumu, ndani ya ndala za kijani. Ya kushoto ilikuwa imekatika mkanda, akaushona kwa uzi mwekundu, mishono sita iliyolingana sawasawa.

Ugonjwa wa gari niliujua mapema. Katikati ya bomba la moshi kuna kitu kilichotuna kama chungu kilicholazwa. Ndani yake mna vitundu vidogovidogo, na moshi hupitia humo ukasafishwa. Vinafanana na sega la nyuki, ndiyo maana sisi mafundi tunayaita masega. Yake yalikuwa yameziba kwa masizi. Nikayakata, nikaunganisha bomba tupu mahali pake, na gari likapata pumzi.

Sasa, masega yaliyoziba hayana faida kwa mwenye gari, lakini kuna watu wanayanunua kwa hamu, kwa sababu vile vitundu vimepakwa madini ya thamani kubwa. Kila fundi analijua hilo na wateja wengi hawalijui, na hapo katikati ndipo baadhi yetu hujipatia riziki. Nilitaka kuishia kwenye "baadhi yetu", lakini mke wangu atasoma. Nami nimo.

"Hicho ni nini?" mama aliuliza.

"Takataka tu, mama. Nitakutupia."

"Kiache hapo."

Mama alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini. Kule, anavyosema, mikasi huhesabiwa kabla mgonjwa hajashonwa, na kilichotolewa tumboni mwa mtu huonyeshwa ndugu zake. Gari lake hulitibu vivyo hivyo. Kila plagi, kila breki iliyokwisha niliyopata kumtolea, nilimwambia ni takataka, naye kila mara akasema, "Kiache hapo." Alivirundika stoo, kwenye gunia. Mimi na muuza dawa tulikuwa tunalicheka gunia lile, na ndicho kitu pekee tulichowahi kukubaliana.

Akaingia kwenye gari, akapanda nalo mlima, akarudi. Aliposhuka alikuwa anatabasamu hadi meno ya nyuma.

"Limekuwa jepesi kabisa," akasema. "Asante sana, mwanangu."

Mwanangu! Nikajifanya napanguza jasho. Mtu mwenye akili zake angesema palepale, "Mama, kile kitu si takataka." Mimi nikasema, "Usijali, mama." Kisha, akiwa amesimama kibarazani nilipoyaweka masega, anasalimiana na jirani, nikachuchumaa, nikajifanya nasoma ujumbe, na nikayapiga masega picha. Nilihakikisha namba iliyogongwa kwenye bati inaonekana, maana masega hupangiwa bei kwa namba. Picha nikaituma kwa Mizani.

Mizani ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Hupita mitaani na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza, ndiyo iliyompa jina. Alinijibu kabla sijanawa mikono. Bei aliyoiandika niliisoma mara mbili, nikaisukumia simu mfukoni kama mtu aliyeona siri ya serikali.

Kilichobaki kilikuwa kuyatoa masega pale kibarazani. Jumatatu nikarudi na uongo mpya, niliouandaa njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nimekosa usingizi, mama. Kile kitu nilichokiacha hapa kina vumbi baya ndani. Nawaza wajukuu wako wakija kucheza. Nipe nikakitupe mbali."

"Vumbi baya vipi? Lina sumu?"

"Sumu kabisa."

Hapo ndipo nilipoteleza. Ukimwambia mtu mwingine neno sumu, atakusukumia kitu chenyewe kwa ncha ya kiatu. Huyu alikuwa muuguzi. Alivua miwani akanitazama kwa upendo ambao sikuustahili.

"Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu. Taka za sumu hazitupwi ovyo. Zinafukiwa. Hospitalini tulikuwa na shimo lake."

"Nitakwenda kuzifukia kwangu, mama."

"Kwako anaishi binti yangu. Chukua jembe, chimba hapa nyuma ya stoo. Futi tatu."

Nikachimba. Ardhi ya pale nyuma ya stoo ni kokoto na mizizi, na jua lilikuwa utosini. Nilipofika futi mbili nikasema panatosha. Mama akaleta utepe wake wa kupimia nguo, akapima, akasema, "Bado." Nilipomaliza tukayashusha masega taratibu, nikayafukia, na mama akaweka jiwe juu. Muuza dawa anadai nilitoa machozi. Lilikuwa jasho.

Moyoni nilikuwa nimeshapanga. Alhamisi mama huenda sokoni na harudi kabla ya saa nane. Ningekuja, ningefukua, ningerudisha jiwe lake palepale. Mizani alikuwa ananisumbua kwa simu, yako wapi, yako wapi, nami namjibu vuta subira, vuta subira.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Mama mkwe.

"Fundi," akasema.

Nikakaa kitako juu ya tairi. Tangu Jumamosi hakuwa ameniita hivyo.

"Naam, mama."

"Njoo. Kuna kazi, uje na jembe lako."

Getini nikaukuta mkokoteni ninaoufahamu, na kibarazani amekaa Mizani mwenyewe, kikombe cha chai mkononi, amekunja nne kama mposaji. Aliponiona akainuka haraka, akaja kwenye mkokoteni kujifanya anachukua mizani yake.

"Kumbe ni mkweo!" akaninong'oneza. "Nilikuwa napita tu, akaniita. Anasema amezika kitu. Ulipoingia nikajua ndiyo yale. Wewe nyamaza. Namchukulia kwa bei ya kilo, halafu tunagawana nusu kwa nusu."

Mama alikuwa ameshasimama nyuma ya stoo, ndala za kijani miguuni, ananyoosha kidole kwenye jiwe.

Nikachimba mara ya pili. Kufukua ni rahisi kuliko kuchimba, udongo ni laini, lakini sijawahi kuchoka vile. Nikaingia shimoni, nikayatoa masega, nikampa Mizani. Akayapangusa, akayatundika kwenye ndoano ya mizani, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Yameziba haya, mama yangu. Tena bati limekula kutu. Hapa ni chuma chakavu tu. Kwa kuwa umenipa chai, nitakupa bei ya kilo."

Mama akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimesimama ndani ya shimo, ardhi imenifika mapajani.

"Fundi, wewe ndiye mtaalamu. Anasema kweli?"

Mizani akanikonyeza.

Hesabu ilikuwa rahisi. Nikinyamaza, uongo wangu unabaki salama na nusu ni yangu. Nikisema, kila neno la kweli litakuwa ushahidi juu yangu mwenyewe. Nikatazama juu, nikamwona mama ananisubiri, mikono ameifumbata tumboni, na nikaona kwamba mtu huyu anakaribia kuibiwa mchana kweupe uani kwake. Hasira ikanishika. Ajabu ni kwamba nilimkasirikia Mizani.

"Anasema uongo, mama."

"Uongo upi?"

"Kwanza, masega hayauzwi kwa kilo, yanauzwa kwa namba. Namba hiyo hapo ubavuni. Pili, haya ni ya kiwandani, si ya kuigiza. Yatikise. Umesikia chochote? Hakuna kinachogonga, maana yake hayajavunjika, yamo yote. Tatu, masizi hayapunguzi madini hata chembe. Anayekwambia yameziba anakupiga."

"Fundi, taratibu," Mizani akasema. "Bei ya namba imeshuka wiki hii."

"Imeshuka? Imeshuka tangu Jumamosi? Wewe mwenyewe si uliniandikia?" Nikachomoa simu, nikaitafuta picha, na ujumbe wake chini yake, nikaunyoosha mkono kutoka shimoni. "Mama, soma mwenyewe! Bei hiyo hapo!"

Mama akaipokea simu. Ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Watu wakiaibika hutamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi shimo nilikuwa nalo tayari, tena lenye kipimo, na halikunisaidia kitu.

Mama akavaa miwani. Akasoma bila haraka.

"Jumamosi. Saa sita na dakika ishirini. Ulikuwa hata hujanawa mikono." Akaisogeza simu karibu na macho. "Na huu mguu hapa pembeni ni wa nani?"

Nikatazama. Pembeni mwa picha, karibu na masega, palikuwa na ndala ya kijani na mishono sita ya uzi mwekundu. Siku nne nimetembea na picha ile na sikuwahi kuiona.

"Ni wako, mama."

"Ahaa. Nikadhani nao ni takataka."

Mizani alicheka, kisha akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Huyu alinionyesha picha hii asubuhi," mama akaniambia. "Nilimuuliza bei ya vyuma vyangu vya stoo, akasema vyuma havina pesa, pesa iko kwenye vitu kama hivi, tena kuna fundi anamzungusha tangu Jumamosi. Nikaona mguu wangu. Nikasema nikuite, nione utaitoa hiyo simu au utaniacha nipigwe."

Mizani alilipa bei iliyokuwa kwenye simu, na mama alizihesabu noti mbele yake jinsi alivyokuwa akihesabu mikasi. Alipokuwa anasukuma mkokoteni kutoka aliniambia kwamba mimi na yeye basi, tusijuane. Nikamwambia sawa.

"Toka shimoni, fundi," mama akasema. "Nawa mikono, uje unywe chai."

Chai ilikuwa chungu, au mdomo wangu ndio uliokuwa mchungu. Nikaweka kikombe chini.

"Nimekosa, mama. Nilikudanganya mara mbili, na wewe ulikuwa umenipokea. Nisamehe."

"Mara mbili ndizo ninazozijua. Mke wako anajua?"

"Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Leo."

"Leo," akarudia, kama anayeandika kwenye faili la mgonjwa. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Akaniuliza kama tairi mbili za mbele zitapatikana kwa zile pesa, nikamwambia zitapatikana, na nitazifunga bila malipo. Kisha nikaaga, nikachukua jembe langu, nikaelekea getini huku nimeinamisha kichwa. Niliwaza kwamba neno lile nimelipata kwa siku nne tu, na muuza dawa ataishi nalo hadi uzeeni.

"Mwanangu!"

Niligeuka haraka hadi jembe likaniponyoka. Mama alikuwa anatoka stoo, ameinama, analikokota lile gunia kwa mikono miwili. Akalitua mbele yangu, likalia kwa vyuma.

"Hizi ni takataka zako za miaka sita," akasema, anahema. "Nenda kanitafutie bei."

"Mama, hizi ni takataka kweli! Haki ya Mungu!"

"Inawezekana. Wewe nenda kauze, uniletee chochote watakachokupa."

Nikainama nikajitwika. Lilikuwa zito, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilipokuwa nafungua geti kwa goti nikamsikia nyuma yangu.

"Na usisumbuke kuhesabu, mwanangu. Kila kimoja nimekipiga picha, na mguu wangu umo."