Mbegu za Kwenye Foronya

Nyasi nazo ni za kupandwa? Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi siku mke wa mwanawe, fundi cherehani, alipoingia na foronya iliyojaa mbegu za nyasi. Fundi hakununa. Alieleza kwamba ni nyasi za uwanda aliochungia mbuzi wa marehemu baba yake, nyasi ambazo ukishazipanda huchipua zenyewe kila mwaka. Uwanda wenyewe ulikuwa umeshasawazishwa kujengwa maghala. Mbegu alizowahi kuokoa ndizo hizo. Akaitundika foronya msumarini, akaenda kuwapelekea wateja nguo zao.

Sasa, mama mkwe ulimi anao, lakini roho mbaya hana. Na kwa kupepeta hana mpinzani. Alipochungulia foronyani akaona makapi matupu, huruma ikamshika: ngoja amsaidie mtoto wa watu. Akatoka na ungo nyuma ya jiko, penye upepo, akapepeta kwa madaha. Vyepesi vikaruka, vizito vikabaki. Kazi safi kabisa.

Masikini, mbegu za nyasi zile ni nyepesi na zina manyoya. Fundi aliporudi alikabidhiwa kikombe cha changarawe na mbegu za magugu. Alikaa chini akalia kwa kwikwi, kama aliyefiwa na babaye mara ya pili. Mama mkwe akabaki na ungo wake mkononi.

Hawakugombana. Ila maongezi yalikauka, yakabaki ya chumvi na mkaa. Mvua zikaanza.

Asubuhi moja fundi alitoka nyuma ya jiko akashangaa. Mama mkwe, asiyevumilia hata jani moja uani, alikuwa amefagia pote isipokuwa kipande kimoja alichokizungushia mawe. Ndani yake majani membamba kama nyuzi yalikuwa yamejitokeza, mekundu kwenye shina. Fundi akapiga magoti. Wekundu ule aliujua tangu utotoni.

“Hapo hapafagiwi, mwanangu,” mama mkwe alisema taratibu. “Hata kuku nimewafungia. Nilikuwa nangoja niwe na hakika, nisikulize tena.”

Fundi akamshika mkono.

“Na zikizaa,” mama mkwe akaongeza, “ungo nitauficha mwenyewe.”

Safari hii aliyecheka mpaka akajifuta machozi alikuwa fundi.