Mafuta ya Mgeni

Mwanasiti wa Shela, Malindi, alikuwa mtu wa karai. Ujanani alipikia Waitaliano katika nyumba zao, na huko ndiko alikookota Kiitaliano chake, neno leo neno kesho, mpaka kikamkaa kinywani kama chakula cha nyumbani. Mabwana wale walipozeeka na kurudi kwao, yeye akateleka karai lake mwenyewe barazani: viazi karai asubuhi, bhajia alasiri, samaki kwa watokao kazini jioni. Hakuna aliyewahi kulalamikia tumbo kwa chakula chake. Hilo ndilo jina lake mjini, na jina likishachafuka halifuliki.

Sasa siku moja Sumeiya, binti wa kaka yake, alimjia anahema, simu mkononi.

"Shangazi, yale mafuta yako ya kumwaga yamepata mnunuzi."

"Mafuta machafu? Ana wazimu gani huyo?"

"Hana wazimu. Ni watu wa magari ya mbio. Si haya ya rali yanayotimua vumbi huko bara, ni yale ya dunia nzima, yaendayo kama risasi."

Mwanasiti akaendelea kumenya viazi. Sumeiya akaketi kwenye kibago akamweleza polepole, maana alimjua shangazi yake: ukimkimbiza hasikii, ukimngoja anaelewa kuliko wewe. Zamani, alisema, injini za magari yale zilinguruma kama mbingu inapasuka, na petroli zikiinywa kama ngamia kisimani. Sasa sheria zimegeuzwa. Nusu ya nguvu itoke kwenye betri, nusu kwenye moto, na mafuta ya huo moto yasiwe yale ya kuchimbwa ardhini. Yatengenezwe kwa vitu vilivyokwisha kazi yake: taka, maganda, mafuta yaliyokwisha kukaangia. Ndiyo maana kampuni za magari zilizoupa mgongo mchezo ule zinaanza kurudi, kwa kuwa wanachojifunza kwenye mbio ndicho watakachotia kesho kwenye magari ya watu.

"Basi gari likipita litanukia bhajia," akasema Mwanasiti.

Nyevu naye alikuwapo, ameketi mkekani anapumzisha miguu. Alikuwa mwanamke wa Kakuyuni, huko mashambani, mkaanga kachiri za muhogo na samaki, na urafiki wao ulianzia sokoni, walipogombania fungu moja la samaki wakaishia kugawana. Akacheka mpaka leso ikamdondoka.

"Likinywa yangu litanukia papa. Dereva atafukuzwa na paka mpaka mwisho wa mbio!"

Basi wakaanza kwa kicheko, wakaendelea kwa bidii. Wakaangaji wa mjini na wa Kakuyuni wakafanya chama, Mwanasiti wakampa uenyekiti kwa heshima ya umri, Sumeiya akawa katibu. Kila mmoja akaleta mafuta yake machovu kwenye madumu ya manjano, wakayapanga uani kwa Mwanasiti. Wakala wa wanunuzi alikuwa Phineas, kijana wa ofisi yao ya Kilifi mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Akawaambia kwamba kampuni yenyewe ya magari, huko Ulaya, bado haijakata shauri la kuingia mbioni. Wakuu wake wamegawanyika: hawa wanaitaka injini hiyo mpya, wale wanasema moto umepitwa na wakati, twende na betri tupu. Kwa hiyo kwanza atakuja mhandisi kuyaona mafuta yanakotoka.

"Wanachotaka ni kimoja," akasema Phineas. "Mafuta yawe yamechoka kwelikweli. Machafu ndiyo mazuri."

Wenzake waliyasikia maneno hayo kama yalivyosemwa. Mwanasiti aliyasikia kwa sikio la mwenyeji. Maisha yake yote wageni walikuwa wakimwambia, "Usijisumbue, mama, nitakula chochote kilichopo." Nani, mwenye akili zake na mama aliyemlea, husikia hivyo akampakulia ukoko? Mgeni husema lake kwa adabu, nawe hufanya lako kwa adabu. Ndivyo dunia inavyokwenda.

Na mambo yangekaa hivyo, lakini Sumeiya akamwonyesha picha za mbio kwenye simu. Mwanasiti akaona gari limeinuliwa, limezungukwa na watu waliovaa glavu kama waganga wa upasuaji. Akaona sakafu inang'aa, ungeweza kuangusha tonge ukaliokota ukala. Akaona mtu anapangusa kifuniko cha injini kwa kitambaa cheupe, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Kisha akatoka uani kuyatazama madumu yake. Akafungua moja. Mafuta meusi ti, makombo ya unga yanaelea, harufu ya samaki wa juzi ikampanda puani.

Haya zikamshika mpaka masikio yakamwaka. Yaani mtu avuke bahari, aje mpaka Shela, aondoke na hiki? Akasimulie kwao kuwa huu ndio uchafu wa kina mama wa Malindi?

Hakumwambia mtu. Asubuhi ya siku ya mgeni alikwenda dukani akarudi na mafuta mapya, maangavu kama asali changa. Akalisugua dumu moja tupu kwa majivu na maji ya moto, akalijaza, akaliweka mbele kabisa penye kivuli, pale ambapo mgeni angefika kwanza. Dumu lake mwenyewe jeusi akalisukumia nyuma ya jiko na kulifunika gunia. Nyevu alipofika, wa mwisho kwa sababu ya umbali, na dumu lake linanuka papa kama alivyoahidi, Mwanasiti alimsaidia kulitua, akaliweka nyuma ya mengine yote.

"Mbona lafichwa langu kama mwana haramu?" Nyevu akauliza.

"Halifichwi. Mbele kumejaa."

Mhandisi alikuwa mwanamke, Ornella jina lake, Mwitaliano mwembamba mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alisalimia wote kwa mkono. Mwanasiti akamkaribisha kwa lugha yake, mgeni akafurahi akauliza amejifunzia wapi, na kwa kitambo kidogo uani kukawa kama harusini. Kisha Ornella akatoa vikaratasi vyembamba vya samawati. Akaeleza kwa Kiingereza, Sumeiya akifasiri, kwamba kikaratasi kikitiwa kwenye mafuta yaliyochoka hugeuka manjano.

Akafungua dumu la mbele.

Mwanasiti alikuwa ameshaanza kutabasamu. Alikuwa akingoja sifa, kama mtu aliyefunua sinia ya biriani anavyongoja kusikia "Mashallah". Ornella akainama, akatazama, tabasamu lake likafifia. Akachovya kikaratasi. Wote wakakikodolea macho. Kikabaki samawati kama kilivyotoka.

"Haya ni mapya," akasema Phineas, na sauti yake ikabadilika. "Hayajaona hata kiazi kimoja. Mnajua maana yake? Huko kwingine watu wamekamatwa kwa mchezo huu. Mafuta machovu yana bei kuliko mapya, basi mtu hununua mapya akayauza kwa jina la machovu. Huu ni wizi. Dumu hili ni la nani?"

Neno lile, wizi, likamtangulia Mwanasiti. Alikuwa amefungua mdomo, tena amefungua kweli, lakini neno likaingia badala ya lake kutoka. Mwizi, yeye? Mbele ya mgeni? Mbele ya binti wa kaka yake? Akaufunga.

"Si langu," akasema mmoja. "Wala langu," akasema mwingine. Likazunguka hivyo uani, si langu, si langu, mpaka mama mmoja wa mjini, ambaye hakuwa mbaya ila mdomo wake hauna mlango, akasema, "Mimi sisemi kitu. Lakini aliyeingia mwisho na dumu leo twamjua. Hawa wa mashamba ukiwapa nafasi..."

Macho yote yakamgeukia Nyevu.

"Mimi?" akasema Nyevu. "Mulungu ni shahidi, langu ni lile pale nyuma. Linusuni!"

"Mtu anaweza kuja na mawili," akasema Phineas. "Kikapuni mna nini, mama?"

Nyevu alimtazama Mwanasiti, akamtazama sana. Mwanasiti akatazama chini, akaona siafu wawili wamebeba chembe ya unga, akawafuata kwa macho kana kwamba ndio waliomhusu.

Nyevu akapiga magoti, akaanza kutoa vitu vyake kimoja kimoja na kuvilaza mchangani. Leso ya akiba. Chupa ya dawa yake ya presha. Viatu vyake vya kuvaa kanisani, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kisha mihogo, minene, imeng'olewa alfajiri ile, bado ina udongo mbichi. Akakishika kikapu kikiwa tupu, akakipindua na kukikung'uta mbele ya kijana anayeweza kuwa mwanawe.

"Umeridhika, baba?"

Ndipo Mwanasiti aliposema. Lakini maneno hayakutoka kwa Kiswahili, lugha ambayo wote waliijua. Yalitoka kwa Kiitaliano, kwa Ornella peke yake, na hata wakati ule alijua kwa nini: aibu ya kusikiwa na mmoja ni nyepesi kuliko ya kusikiwa na wote. Akasema dumu ni lake. Akasema ameyanunua mwenyewe. Akasema aliona zile picha, zile glavu, kile kitambaa cheupe, akaona haya kumpa mgeni kilichobaki kwenye karai.

Ornella akamsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akapitisha mkono usoni.

"Bibi yangu mzaa mama naye angefanya hivyo hivyo," akasema. "Lakini wakuu wangu hawatafuti mafuta tu. Wale wasioitaka injini hii wanatafuta sababu ya kuifungia mlango, na sababu ndiyo hii hapa, dumu la kwanza nililofungua. Nitawaeleza yote kama ulivyonieleza. Sidhani watanielewa. Mafuta ya Malindi hatutayachukua."

"Amesemaje?" wakauliza kina mama. "Sumeiya, amesemaje?"

Sumeiya hakujua Kiitaliano. Kiingereza ndicho alichokuwa akifasiri. Akamgeukia shangazi yake. Na hapo Mwanasiti akaona kwamba hana pa kupita. Ilibidi ayaseme tena, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika ukutani.

"Dumu ni langu. Mimi ndiye niliyetia mafuta mapya. Nyevu hana habari. Na mgeni amesema hawatachukua mafuta yetu, kwa sababu yangu."

Hakuna aliyempigia kelele. Mama mwenye mdomo usio na mlango ndiye aliyekuwa wa kwanza kuaga, akidai ameacha chungu motoni. Wengine wakafuata, kila mmoja na dumu lake. Phineas alimwomba Nyevu radhi, harakaharaka, kama mtu anayelipia kitu asichokinunua, akampeleka mgeni garini. Ornella alirudi mara moja kumpa Mwanasiti mkono, na hilo nalo lilimchoma.

Nyevu alikuwa ameshalivuta dumu lake la papa mpaka langoni, boda inamngoja. Mwanasiti akamwendea, akashika mkono wa dumu asaidie kulinyanyua.

"Liache."

"Nyevu, ndugu yangu. Nilikuwa nataka kusema. Tangu mwanzo nilitaka..."

"Nilijua," akasema Nyevu. "Lilipofunguliwa tu nilijua. Nani mwingine hapa husugua dumu kwa majivu? Nikakutazama. Nikasema, sasa hivi atasema. Nikatoa leso, nikasema, sasa atasema. Nikatoa dawa yangu, watu wote wakaona ugonjwa wangu, nikasema, haiwezekani, sasa atasema." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hata hasira ya kuishika mtu akajitetea nayo. "Mafuta nimekusamehe. Hayo ni haya za kwenu na za kwetu pia, ningeweza kuyafanya mimi. Lakini mwenzangu, ulimwonea haya mgeni wa saa moja. Mimi hukunionea."

Mwanasiti akauachia mkono wa dumu.

Dereva wa boda akalifunga dumu kwa mpira. Nyevu akapanda, akakiweka kikapu mapajani, ndani mna leso, dawa na viatu vyake tu. Akaashiria kwa kidevu kule uani.

"Ile mihogo nilikuletea wewe. Iokote."

Pikipiki ikaondoka. Wale majirani waliokuwa wamesikia sauti walikuwa wamesimama milangoni, na wale kina mama waliojidai wamekwenda walikuwa bado njiani, wanatembea kwa hatua za kutotaka kufika. Mwanasiti akarudi uani akainama. Sumeiya akaja mbio kumsaidia.

"Shangazi, niachie mimi, mgongo wako."

"Kaa huko, mwanangu."

Akaiokota mwenyewe, mmoja mmoja, akiipangusa mchanga kwa upindo wa leso yake, na watu wakimtazama.