Makaa ya Wilf Gannon

Jumatatu ni siku ya kufua, na Jumatatu ya kwanza ya Juni, mwaka uliofuata kwisha kwa vita, Dulcie Gannon alikuta makaa ya mawe ndani ya shuka la mumewe. Yalikuwa vipande saba, kikubwa chao kama yai la kuku. Aliyakung'utia uani, akalitumbukiza shuka kwenye jungu la maji ya moto, kisha akaenda kumwuliza Wilf kama alipanda kitandani na viatu.

"Viatu vimeingiaje hapa?" Wilf alisema. "Yananitoka mgongoni."

Dulcie akampandisha shati. Kweli, yalikuwa yakitoka chini kidogo ya mabega, polepole, bila damu wala maumivu. Kipande kikikomaa kinadondoka. Alimfuta kwa kitambaa chenye maji, akarudi kwenye jungu lake, maana jua la majira ya baridi halimsubiri mtu.

Wilf alikuwa mtia makaa kwenye manowari Moorabool. Miaka mitatu na nusu alisimama tumboni mwa meli mbele ya tanuri, sepetu mkononi, kutoka visiwa vya Pasifiki hadi Bahari ya Kaskazini. Vita hakuviona. Alivisikia mara moja tu kupitia ukuta wa chuma, mizinga ikilia huko juu, naye akaendelea kulisha moto kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Alirudi nyumbani Port Melbourne na kikohozi kilichoanza naye alfajiri na kwenda naye kulala.

Majira yale mabaharia wa meli za mizigo walikuwa wamegoma, na makaa hayakufika tena kutoka migodi ya Newcastle. Gesi ya mjini, itengenezwayo kwa makaa, ilipunguzwa. Watu walichoma viti vibovu, kisha vizima. Kwa hiyo habari za mgongo wa Wilf zilipokelewa vizuri. Kuuliza si ujinga, na mtaani kwetu hatujawahi kuwa na mjinga hata mmoja: kufikia Jumatano kila mtu alikuwa ameshapita jikoni kwa Dulcie. Yanatoka yakiwa na joto? Akilala chali inakuwaje? Na akila nyama ya kondoo, yanazidi?

Bibi Pascoe, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na saa ya marehemu mumewe pamoja na kiti chake mwenyewe, akakaa siku tatu. Ndiye aliyegundua kwamba makaa yalitoka saa mbili hadi saa sita, asubuhi na usiku, na si dakika moja nje ya hapo.

"Hiyo ndiyo zamu yangu," Wilf alieleza.

"Na Jumapili je?"

"Meli haijui Jumapili, Bibi Pascoe."

"Makafiri nyinyi! Haya, geukia dirishani kidogo, mwanangu, nione vizuri."

Majirani waliondoka na ndoo zao. Makaa yale yaliwaka vizuri ajabu, moto mkali, moshi haupo. Watoto waliogeshwa kwa maji ya moto mara mbili kwa juma, nao wakanung'unika. Wilf alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko, shati wazi nyuma, akiwapokea wageni.

"Huyu mke wangu alikuwa akisema sileti kitu nyumbani," aliwaambia. "Leo mnamsikia?"

Walicheka, naye akacheka, kisha kikohozi kikamkamata mpaka midomo ikawa ya buluu, na wageni wakatazama ndoo zao.

Kifua ndicho kilichomnyima Dulcie usingizi, si makaa. Kilimani, mbali na ukungu wa bandari, palikuwa na hospitali ya waliorudi vitani, yenye hewa kavu na baraza za vioo. Watu wawili wa mtaa wa pili walipelekwa huko wakiwa wamebebwa, wakarudi wakitembea. Kitanda kilikuwapo. Kilichotakiwa ni karatasi ya daktari wa jeshi kwamba ugonjwa ulipatikana kazini.

Daktari alimsikiliza Wilf kifua kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

"Unavuta kiko?"

"Sijawahi, bwana."

"Basi ni unyevu wa nyumba," daktari akasema, akaandika hivyo.

"Na haya yanayomdondoka?" Dulcie aliuliza. Wakati huo ilikuwa saa nne, na chini ya kiti palikuwa na rundo dogo.

"Hayo ni mambo ya ngozi. Mimi nimeulizwa kifua."

Dulcie alitoka pale na hasira. Alikuwa mwanamke asiyepayuka, lakini hasira ya mtu wa namna hiyo huwa na miguu. Kesho yake alijaza ndoo, akaibeba mpaka ofisi ya vifaa vya meli, akaiweka juu ya meza ya afisa mmoja mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, Luteni Strachan.

Luteni alichukua kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akakivunja, akanusa. Uso wake ukalainika kabisa. Alikuwa mtu anayeipenda kazi yake.

"Bibi Gannon, hili ni kaa la Wales. Tena la daraja la kwanza. Umelitoa wapi?"

"Mgongoni kwa mume wangu. Alikuwa mtia makaa wa Moorabool."

"Ndiyo, ndiyo. Litakuwa la shehena ya mwaka 1917." Alikinusa tena. "Kwenye bara hili zima hakuna mwenye makaa haya isipokuwa sisi."

Dulcie alisogea karibu na meza. "Kwa hiyo unakubali yametoka melini kwenu? Yalimwingia akiwa kazini?"

"Hakuna ubishi hata kidogo."

"Utaniandikia hivyo?"

"Nakuandikia sasa hivi."

Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri. Dulcie hakuzisoma, alikwenda nazo moja kwa moja kwa daktari, karibu kukimbia, kofia mkononi. Daktari alisoma yote, akamrudishia.

"Inasema makaa ni mali ya meli, na mnatakiwa kuyarudisha."

"Inasema yametoka melini! Yeye aliyapata wapi kama si kazini?"

"Makaa ni ya meli, bibi," daktari alisema bila ukali. "Kifua ni chake."

Tangu siku ile mkokoteni wa farasi ulikuja kila Ijumaa. Uliletwa na mabaharia wawili wa manowari, msimamizi aitwaye Crowther na mtia makaa mmoja, mtu mzima mwenye mvi kandokando ya masikio, aitwaye Laidlaw. Walikuwa wastaarabu. Walifuta viatu mlangoni, wakafagia chini ya kiti, wakamwomba Wilf ainame kidogo ili kilichokomaa wasikiache. Wilf aliinama.

"Upande wa kushoto umekwisha?" Crowther aliuliza.

"Bado kimoja. Kivute tu, hakiumi."

Kuyachoma kulikatazwa, na mtaa ukatii, maana barua ilikuwa na mhuri. Dulcie alivunja uzio wa uani ubao kwa ubao, akaulisha jiko. Bibi Pascoe naye akauvunja wa kwake, akauleta. Mbao za uzio zina chumvi na rangi. Zilijaza jikoni moshi, na Wilf akakohoa humo mpaka akaacha kuzungumza. Dulcie aliandika barua tatu kuomba kitanda. Majibu yalikuja matatu, yote ya adabu.

Wilf alifariki Jumatano, mwishoni mwa Agosti, kiti kikiwa kimeegemezwa dirishani. Makaa yalikoma saa ileile. Kwenye karatasi ya kifo waliandika unyevu wa nyumba.

Ijumaa mkokoteni ulikuja kama kawaida. Crowther na Laidlaw waliona kiti kitupu, wakavua kofia.

"Pole sana, mama," Crowther alisema. Akatazama chini ya kiti. "Basi leo hakuna kitu."

"Leo hakuna," Dulcie alisema. "Kaeni mnywe chai."

Laidlaw alikuwa bado ameshika gunia tupu. Alikohoa kidogo, akatia mkono ndani ya kola nyuma ya shingo kama mtu anayewashwa na sufu, akautoa, akatazama kiganjani. Kisha akakidondosha guniani kile kipande cheusi alichokikuta, taratibu, kikagonga sakafu kupitia gunia.

Dulcie aliweka birika chini.

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nimekwenda, mama. Kasema ni unyevu wa nyumba."

"Wewe nyumba yako iko wapi?"

"Sina nyumba. Nalala melini."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia," Laidlaw alisema, akafunga mdomo wa gunia, kwa kuwa sasa lilikuwa na kitu, akalipeleka kwenye mkokoteni.