Ndoo ya Mama, Mchana Kweupe

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ilikuwa imekwisha kushika mteremko wa Mugunga, mama amekaa juu ya mbao zake kama gunia la viazi, na nyuma yetu dada yangu Léoncie anakimbia, viatu mkononi. Tulikuwa tumemtoa mama kwenye chumba cha maombi bila kuaga mtu. Cirimwami, mwenye chukudu, hakuuliza kitu. Mbao zile zimebeba makala, kabichi za Kibumba, hata majeneza. Alimfunga mama kiunoni kwa mpira wa mizigo, akasukuma.

"Yaya!" Léoncie alinifikia, anahema; ndivyo anavyoniita, mimi kaka yake mkubwa. "Unamutoa mama mukononi mwa Mungu!"

"Mungu alipanda na sisi. Ni weye ndiye unatembea kwa miguu."

"Maombi haijaisha! Hajamaliza kufunga!"

Ndiyo hayo yaliyonipandisha damu. Mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi, wamemkataza hata tone la maji ili pepo atoke.

Mimi ni mtu wa barabara. Shule nilisoma kipande Rutshuru, kipande Masisi, kila vita ikikata daftari katikati. Baadaye nilipanda malori, nikazeekea huko. Nilirudi Goma nikidhani nitapumzika kidogo kisha niende. Mama akanipokea mlangoni, akaniita Twizeyimana. Twizeyimana alikuwa baba yangu, na baba tulikwisha kumzika zamani. Akaniambia ng'ombe wameingia chumbani, niwafukuze.

Mara ile ya kwanza tulimpeleka kwa Charline, muuguzi wa kituo cha afya cha Ndosho. Alipima mikojo, akatoa dawa, akaniweka pembeni. "Papa, kwa wazee enfeksio ya mikojo inaweza kupanda kichwani mbele ya homa kuanza. Mukiona anabadilika gafula, mulete hapa. Na anywe maji." Mama alikunywa dawa, ng'ombe wakatoka, akaanza tena kuwacheka majirani kama kawaida yake.

Ugonjwa ukarudi. Akapona. Ukarudi tena.

Nilichelewa kuelewa, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anataja jambo lenyewe. Choo chetu kilikuwa ng'ambo ya mawe ya volkano, kimoja kwa nyumba zote za uwanja ule. Jiwe la Goma halichimbiki kwa kila mtu. Mama hakuweza tena kuyavuka mawe hayo peke yake. Na kwetu mtoto wa kiume hampeleki mama yake choo. Basi alikuwa anajizuia tangu asubuhi mpaka Léoncie arudi sokoni. Na ili asijizuie sana, alikuwa hanywi. Ukimpa kikombe, analowesha midomo tu, anakirudisha.

"Nikikunywa, nani atanipeleka?" aliniambia siku moja, kama mtu anayesema bei ya chumvi.

Kisha nikaenda Bunagana kwa mzigo, na kichwa kikampotea tena. Safari hii Léoncie alimpeleka kwa pasta. Pasta akasema marehemu baba anamwita, akambakiza kwenye maombi mpaka niliporudi.

Sasa tulikuwa barabarani, wauza makala wametugeukia.

"Ana pepo, Yaya. Anaongea na papa."

"Ana mikojo, Léoncie. Mikojo! Sema na weye."

"Funga kinywa, watu wanasikia!"

"Wasikie! Ni ugonjwa, si wizi."

Nilifungua bidoni ya maji. Léoncie akanishika mkono. Pale mama akalia, kilio chembamba cha mtu anayeungua, na kitenge chake kikalowa, kikachuruzika juu ya mbao. Harufu ilikuwa kali, nzito. Cirimwami alisimama, akatazama upande wa mlima.

Léoncie aliniachia mkono. Alifungua kitenge chake cha juu, akakitandaza kama ukuta kati ya mama na barabara. Kisha akachukua bidoni mwenyewe, akaiweka kwenye midomo ya mama, polepole.

"Sukuma, papa," akamwambia Cirimwami. "Sukuma mbio."

Charline alimwekea serumu, maji ya mshipani. Baada ya siku chache mama alifungua macho, akauliza, "Nani alinifunga mupira kama mufuko wa makala?" Nikajua amerudi.

Tulipofika nyumbani nilinunua ndoo yenye kifuniko, nikaiweka nyuma ya pazia lake. Akakataa.

"Mwanaume haoni hii vitu."

"Natazama ukuta, mama. Nimetazama barabara maisha yangu yote, ukuta hautaniua."

Alivuta pazia. Kisha nikasikia mlio kwenye ndoo.

Ningetoka usiku, kama wanavyofanya wenye haya. Nilitoka jua likiwa kichwani, nikavuka mawe na ndoo mkononi, uwanja mzima unaniangalia. Jirani yetu Djibril alicheka mpaka akashika mlango.

"Muzee muzima! Kubeba mikojo ya mama yake!"

"Yeye alibeba yangu," nikamjibu. "Yako ilibebwa na nani, pikipiki?"

Jioni ile mama alikunywa kikombe, akaomba kingine.

Ugonjwa ulirudi mara mbili zaidi, tukauwahi. Charline alihamishwa Minova. Cirimwami aliuza chukudu. Pasta bado anaombea watu Mugunga, tunasalimiana. Léoncie bado anafunga, lakini maji anakunywa. Mama alikufa mvua zilipoanza, moyo ulichoka, na asubuhi ile aliniita Habumugisha, jina langu zima. Mimi sijaondoka Goma. Ndoo niliisugua kwa majivu nikaianika. Djibril alikuja kuiazima, baba yake amezeeka. Hajairudisha.