Uwanja Uliofutwa kwa Sponji

Jumanne saa mbili asubuhi Mchoraji alikunjua kiti chake kwenye ngazi za posta, akachota maji ya bomba kwa kopo la maziwa, akalowesha karatasi nzima. Halmashauri ilitaka picha ya uwanja wa mji kwa rangi za maji, nyepesi nyepesi, itundikwe kwenye ukumbi wa mikutano. Alianza na anga, akaiacha rangi iteremke yenyewe hadi kwenye mnara wa saa.

Kila mwenye kazi hii anajua kwamba watu huwekwa mwisho, karatasi ikishakauka. Lakini dada yake mkubwa, aliyeuza vifungo na nyuzi chini ya saa ile kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akimtazama na kumcheka, naye akashindwa kungoja. Alimweka dada karatasi ingali majimaji: tone la bluu likawa gauni, doa la kahawia likawa uso. Fundi viatu aliyekaa pembeni ya dada, Mchoraji alimweka mchana, karatasi ikishakauka, kwa rangi nzito.

Ofisa wa halmashauri alikuja saa kumi.

"Nzuri. Ila hawa watu?"

"Ndio wanaokaa pale."

"Watoe, mama. Tumeagiza uwanja, hatukuagiza wachuuzi."

Mchoraji angeweza kukataa. Alikumbuka kazi ya kuchora stendi ya mabasi aliyoahidiwa, akalowesha sponji. Dada alitoka kwa mpanguso mmoja. Fundi viatu aling'ang'ania, ikabaki aproni na mikono miwili.

Jioni dada aliingia nyumbani, na komeo la mlango likaonekana kupitia tumbo lake.

"Umenifuta?"

"Nimekufuta, dada."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema dada, akavua viatu. "Ningejua ningevaa gauni zito."

Walikula. Mchoraji aliona aibu hata chumvi akashindwa kuiomba.

Kesho yake alikwenda ukumbini na brashi kumrudisha. Karatasi iliyosuguliwa ilikuwa imeota manyoya, rangi ikazama ikawa tope. Dada alipata doa la kijivu shingoni ambalo sabuni haikulitoa, na hakuzidi kuonekana. Akamwambia mdogo wake aache, asije akamharibu zaidi.

Mwezi uliofuata halmashauri ilitangaza kwamba uwanja utakuwa maegesho ya magari. Wachuuzi walipopeleka malalamiko, Ofisa aliwapeleka mbele ya picha, akawaomba wamwonyeshe mtu wa kuhamishwa. Waliitazama kwa makini, mmoja mmoja. Fundi viatu aligusa aproni yake kwenye kioo cha picha. Ofisa akasema aproni si mtu, na lami ikamwagwa Ijumaa.

Dada bado huenda kila asubuhi na kupanga vifungo vyake palepale. Gari la Ofisa huegeshwa chini ya saa, na dada hukaa ndani ya injini hadi jioni. Husema pana joto, ila uzi mweupe unachafuka. Wateja wa zamani hupitisha mkono chini ya boneti na kuchagua. Pembeni, ile mikono miwili hushona viatu vya madereva.

Mchoraji hupita hapo na kopo lake akielekea stendi ya mabasi. Ofisa amekwisha kumwambia anaitaka picha ya stendi ikiwa tupu.

"Safari hii, mdogo wangu," dada humwambia, "ngoja karatasi ikauke ndipo uweke watu."

"Haya, dada."

Sponji imo mfukoni mwake. Ameifua mara nyingi, na maji yake bado hutoka bluu.